Kifuniko cha Chungu cha Moshi

Vijana wa kivukoni mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukipambana na wadudu enzi zetu, tulipokuwa tukipanda mto kwa mtumbwi kwenda kuvua porini. Mmesema niandike kwa ufupi. Mimi ufupi siujui. Shule niliacha darasa la tatu na mwalimu alikuwa bado hajafika kwenye ufupi, kwa hiyo mtavumilia. Naandika kwa kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi, herufi kubwa kama za tangazo la mnada, halafu mjukuu wangu Mwanahawa ananakili kwa mwandiko wa watu. Akifika mahali nimetukana ananiuliza, "Babu, na hili niliweke?" Namwambia liweke.

Mto mnaujua. Sisi tunauita Ruvu, kwenye ramani umeandikwa Pangani. Ng'ambo hii Korogwe, ng'ambo ile Handeni, na kambare hajui wilaya yake. Kazi yetu ilikuwa kupanda juu, kuacha mashamba na mifereji, mpaka kule ambako huoni moshi wa mtu mwingine. Huko tunapiga kambi, tunavua, tunabanika samaki, na unga ukiisha tunarudi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka macho yalipokataa. Sikuwa na nyingine.

Aliyeniingiza ni mjomba wangu Mbaruku, ndugu wa mama tumbo moja. Kwetu Wazigua mjomba akisema, baba anakohoa tu. Alikuja nyumbani asubuhi, hata chai hakunywa, akamwambia mama, "Huyu namchukua." Mama akaniangalia miguu, nakumbuka, kana kwamba anaiaga. Tukashuka mtoni. Mtumbwi wake ulikuwa wa gogo moja, mzito, umepakwa lami ubavuni mahali ulipopasuka.

"Wewe mbele," akasema.

"Na wewe, mjomba?"

"Mimi nyuma na pondo. Mbele ndiko kwa kujifunza."

Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia chini ya maji. Mwenye pondo ndiye nahodha. Mtu wa mbele ana kazi zake: kuangalia viboko, kuruka majini kuvuta mtumbwi ukikwama, na kulea chungu. Hilo neno la kulea lilinichekesha.

"Chungu nacho kinalelewa?"

"Kinalelewa. Kikizimika, na wewe zimika."

Basi nianze na hicho chungu, maana ndicho mlichoniulizia. Kilikuwa chungu cha kupikia kilichovunjika mdomo. Chini unaweka mchanga ili moto usichome mtumbwi. Juu ya mchanga makaa. Juu ya makaa mavi ya ng'ombe, na hapa ndipo wengi mnakosea. Yakiwa makavu kabisa yanawaka moto, na moto haufukuzi mdudu. Yakiwa mabichi yanaua makaa. Yanayotakiwa ni yale ambayo ukiyavunja, ndani bado yana unyevu kama mkate wa jana. Juu kabisa unatupia majani ya kivumbasi, au mwarobaini kama kivumbasi hukukipata. Moshi unatoka mzito, wa buluu, unatambaa. Huo ndio unaotakiwa. Moshi unaopaa juu unawafukuza ndege tu.

Mavi tulichukua kwa Wamasai, upande wa Handeni. Kulikuwa na mama mmoja pale kwenye boma lao ambaye kila tukipita alituchamba.

"Waswahili nyinyi! Nikiwapa maziwa mnasema yananuka moshi. Mavi mnapokea kwa mikono miwili."

Mjomba akajibu, "Mama, maziwa yako hayafukuzi mbu."

"Umewahi kujipaka?"

Sasa wadudu. Kila mdudu ana saa yake na mahali pake, na mwenye kuwachanganya ataumwa na wote. Mbu ni wa jioni na wa maji yaliyolala, kwenye matete. Dawa yake ni kuwahi. Uwe umekula na kufunga chandarua kabla jua halijagusa miti, na pindo la chandarua ulilalie, usiliache likining'inia kama sketi. Mbung'o ni wa mchana, wa vichakani, anafuata kinachotembea na anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ukitoka na kaniki umemwalika harusini. Vaa khaki, vaa kitu kilichopauka. Siafu na papasi ni wa kambini, wazungushie majivu, na usilale palipolala mifugo hata kama pamefagiwa na Mungu mwenyewe.

Mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya nazi mtaambiwa ni dawa. Kweli mdudu hatui. Lakini ngozi inababuka, na usisogelee moto. Mimi nilijipaka mara moja nikashinda nimekaa mbali na ugali wangu. Soksi ndefu za mpira wa miguu, zile za mabeki, hizo ni nzuri kuliko dawa zote: vuta juu ya suruali, funga na kipande cha mpira wa baiskeli. Nilizigundua nimeshazeeka. Vitu vizuri vingi nimevigundua nimeshazeeka.

Halafu kuna usubi.

Usubi ni kijidudu cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama, mgongo umebinuka kama kibiongo. Halii kama mbu. Anauma mchana kweupe, anauma miguu, na akiondoka anaacha tone la damu kama ncha ya kalamu. Yeye maji yaliyolala hayataki. Anataka maji yanayokimbia, yanayotoka povu kwenye mawe. Mjomba alikuwa akisema, "Huyo achana naye, huyo anauma tu." Mbu tulimwogopa kwa sababu ya homa. Mbung'o tulimwogopa kwa sababu anauma kama sindano ya kushonea magunia. Usubi hatukumwogopa. Anauma tu.

Na pale juu ya kivuko chetu, kama mnavyojua, kuna maporomoko tunayoyaita Maji ya Bibi. Si makubwa ya kuogopesha mtu wa mjini, ni mawe mengi na maji yanapita katikati yanapiga kelele. Lakini kwetu ndiyo yalikuwa ghala. Kambare wakubwa wanakaa kwenye mashimo ya mawe yale, na mikunga pia, wale samaki warefu kama nyoka. Kila safari, kabla ya kwenda juu, tulifunga mtumbwi kwenye jiwe la katikati na kutega migono, ile mitego ya kusuka kama vikapu virefu, na kuikagua, na kuitega tena. Asubuhi nzima ilikuwa inaishia pale.

Siku yangu ya kwanza, tulipolikaribia jiwe la mwanzo, mjomba akaniita, "Funika chungu."

"Kwa nini?"

"Bibi hapendi moshi. Ukimfukizia nyumba yake anageuza mtumbwi. Funika mpaka tupite jiwe la mwisho."

Kifuniko kilikuwa cha bati, kimekatwa kwenye debe. Nikafunika. Moshi ukakatika, na usubi wakaja. Nilikuwa na kaptula, nimesimama mawe-mawe, maji yananifika vifundoni, mikono yote miwili imeshika mgono, kwa hiyo hata kujipiga kofi siwezi. Mjomba alibaki amekaa nyuma, pondo amelilaza, amejifunika shuka gubigubi mpaka kichwani, macho tu nje, kama bibi harusi. Jioni miguu yangu ilikuwa kama imenyunyiziwa hina. Akaitazama akasema, "Mtu wa mbele halalamiki." Huo ndio ulikuwa msemo wa mto. Nami sikulalamika. Siku hiyo wala miaka iliyofuata.

Nataka mnielewe, mjomba hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kumjua kiboko kwa mapovu, kumbanika samaki asioze wala asiungue, kusikia mvua ya milimani kwa harufu ya maji kabla mto haujajaa. Mara moja mamba alinifuata nikiwa majini na mjomba alimpiga pondo la pua, akanitukana mimi badala ya mamba. Mtu kama huyo akikwambia Bibi hapendi moshi, unafunika.

Muwasho ulianza taratibu. Kwanza ukawa wa miguuni, ukapanda mapajani, ukafika mgongoni. Nilikuwa najikuna kwa gunzi la mahindi, maana kucha hazitoshi. Mke wangu, Mama Rajabu, alitoka Mashewa kuja kuolewa, hakuyazoea mambo ya mto. Alikuwa anasikia gunzi linavyokwaruza anasema, "Baba Rajabu, huo ni mgongo au unaparua samaki?" Mbele ya wageni alikuwa ananificha gunzi. Ngozi ya miguu ikaanza kupoteza rangi, madoa meupe na meusi, na nyongani kukatokea vinundu vigumu ukivigusa vinateleza. Watu walisema ni damu chafu. Mwingine akasema nimerogwa na mtu wa Kwashemshi, mtu ambaye hata sikumjua.

Dawa ya usubi ilikuwa ikigawiwa kijijini. Wanakupima urefu kwa fimbo, wanakuhesabia vidonge, unameza pale pale. Mara nyingi ilikuja sisi tuko juu. Mara moja nilikuwepo, nikameza, uso ukavimba na muwasho ukaongezeka mpaka nikalia. Mjomba akaja kunijulia hali. "Si nilikwambia? Hao wanakuletea ugonjwa." Baada ya hapo, nikisikia wagawaji wanakuja naanza kutayarisha nyavu. Uvimbe ule, nimeelezwa baadaye, ni vijiminyoo anavyotuachia usubi akiuma, vinakufa ndani ya ngozi. Ulikuwa unauma kwa sababu dawa inafanya kazi. Mezeni. Mkivimba, vimbeni.

Mjomba hakutoka nyuma ya mtumbwi mpaka magoti yake yalipokataa. Siku aliponikabidhi pondo alifanya kama ananipa mke. Nilikuwa nimeingoja nafasi ile tangu nikiwa kijana asiye na ndevu. Mbele akakaa mwanangu Rajabu. Tukaingia Maji ya Bibi, Rajabu akafunika chungu kama alivyoelekezwa na mjomba wangu, nami nikasukuma.

"Baba, jiwe!"

"Naliona."

"Si hilo, baba. Hilo ni povu. Jiwe liko kulia!"

Tuligonga. Mtumbwi ulipasuka palepale pa zamani penye lami, tukaukokota hadi ukingoni, unga wote ukawa uji. Rajabu alikuwa anakamua shati lake huku ananitazama, na mimi namwona kama mtu aliye ndani ya chandarua. Nilikuwa nimeliona lile tandabui la machoni kwa muda, nikadhani ni uzee, nikadhani ni moshi. Nilipopata nafasi ya nyuma, macho ya kukalia nyuma sikuwa nayo tena.

Hospitalini muuguzi wa macho alikuwa binti mpole. Aliniwekea taa, akaniangalia jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Akaniuliza, "Mzee, unafanya kazi gani?"

"Navua."

"Unavulia maji gani? Yanayotulia au yanayokimbia?"

Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo na mtu asiyejua kuvua. Nikamwambia yanayokimbia. Akashusha taa.

"Ni usubi huo, babu. Vijiminyoo vyake vimefika machoni vimeacha kovu. Dawa utakunywa, itazuia vingine. Lakini kovu halifutiki."

"Hata kwa miwani?"

"Hata kwa miwani, babu."

Hapo ndipo nilipostaafu. Nilivua kofia ya mtoni nikaitundika, na haikuwepo sherehe, msije mkadhani kuna aliyenipa saa ya ukutani. Nilipopata nguvu nikaenda kwa mjomba. Alikuwa amekaa kibarazani kwake anashona wavu. Nilisikia anavyouvuta uzi. Mzee yule, magoti hana, meno hana, na uzi anatunga mwenyewe kwenye sindano.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pole na macho. Nimesikia."

"Mjomba, yule Bibi."

"Bibi yupi?"

"Wa Maji ya Bibi. Asiyependa moshi."

Akavuta uzi. Halafu akacheka, cheko la mzee, linaloanzia kooni na kuishia palepale.

"Ah! Pale upepo unashuka na maji, mpwa wangu. Ukipanda, moshi wote unamjia mtu wa nyuma machoni. Ni pilipili. Nitayaonaje mawe? Na mimi nilipofundishwa niliambiwa hivyohivyo, Bibi hapendi. Nikaja kuelewa mwenyewe nilipokaa nyuma."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia moshi unaniumiza, ungefunika? Kijana wewe ulikuwa mbishi. Bibi ulimwogopa."

"Mjomba, tukishafunga kamba kwenye jiwe, wewe huna mawe ya kuangalia. Umekaa. Mimi niko majini asubuhi nzima. Si ningefunua?"

Uzi ukasimama. Nilingoja. Nilitaka aseme neno, lolote, hata uongo.

"Hilo," akasema, "hukuuliza."

Uzi ukaendelea.

Nimelifikiria jambo hili sana, muda ninao. Kufunika wakati wa kupanda ilikuwa sawa. Asingeona mawe tungekufa wote, na aliyekufa majini hahitaji macho. Ila ile sababu ilipofichwa chini ya shuka la Bibi, hakuna aliyejua mahali inapoishia. Mtu akijua moshi unamuumiza mwenye pondo, pondo likilazwa atafunua. Mtu akiambiwa Bibi hapendi, atafunua lini? Sisi tulifunika kuanzia jiwe la kwanza hadi la mwisho, na usubi walikuwa wanazaliwa palepale, kwenye mawe yaleyale. Kati ya mto wote, tulizima moshi mahali pale tu ulipokuwa unahitajika.

Sasa Rajabu ndiye anayekwenda. Mbele anakaa yeye, nyuma Shabani, mtoto wa jirani yetu, mwenye nguvu na mdomo. Nilimweka Rajabu chini nikamwambia yote kama nilivyowaandikia hapa. Nikamalizia, "Mkipanda, funika, Shabani aone njia. Mkishafunga kamba, funua. Na soksi uvae, na vidonge umeze."

"Sawa, baba."

"Rudia."

"Tukishafunga kamba, tunafunua. Baba, nimesikia, mimi si mtoto."

Asubuhi ya safari yao nilishikwa mkono hadi kivukoni. Mjomba naye alikuwepo, ameketi juu ya gogo, hakosi kuaga mtumbwi. Wakaondoka. Upepo ulikuwa unashuka na maji kama kawaida yake, na mimi moshi siuoni ila naunusa. Ulinijia mzito, wa kivumbasi, mzuri. Mavi aliyachagua vizuri, nikamsifu kimoyomoyo. Halafu nikasikia bati likilia, to! Kifuniko. Moshi ukakatika. Sawa, wanapanda.

Nikangoja. Sauti zao zinakuja na upepo, kila kitu nasikia. Nikasikia Shabani akisema, "Kaza kamba!" Nikasikia mgono wa kwanza ukitumbukia. Nikavuta pumzi nikanusa, nikapata harufu ya maji tu. Mgono wa pili. Kisha nikasikia pa! Kofi, la mtu anayejipiga mguuni. Pa! Na lingine. Shabani anacheka, "Wamekupenda leo!" Pa!

"Mjomba," nikasema, "wewe unaona. Chungu kikoje?"

"Kimefunikwa."

Nikasimama nikaita. Niliita jina la mwanangu mpaka koo likawaka. Lakini upepo ulikuwa unakuja kwetu. Makofi yalishuka kwangu moja moja, na sauti yangu haikupanda.

Waliporudi nilimngoja Rajabu ale kwanza. Halafu nikamuuliza. Hakunidanganya, sifa hiyo anayo.

"Nilikumbuka, baba. Nilishashika kifuniko."

"Enhe?"

"Shabani akasema tusimchokoze Bibi."

"Si nilikwambia hakuna Bibi? Si nilikwambia ni upepo?"

"Najua, baba." Nilisikia anajikuna mguu, polepole, akidhani sisikii. "Lakini kama yupo?"

Mama Rajabu aliinuka akatoka nje. Mimi nilinyoosha mkono nikamshika mguu mwanangu, nikaupapasa kutoka gotini kushuka, nikahesabu vipele kwa vidole mpaka nikaacha kuhesabu. Hakuwa amevaa soksi.

Maneno ya mdomo nimeyamaliza, na ya kupiga kelele nimeshaona hayapandi mto. Ndiyo maana mliponiomba niandike sikukataa. Mbandike hii karatasi pale kwenye banda la kivukoni, chini kidogo, isinyeshewe. Asiyejua kusoma asomewe. Shabani asome mwenyewe, kwa sauti. Na wewe Rajabu, mkishafunga kamba, funua.